Wakuu, nataka kuweka mlio wa "kin-kon" wa Toyota za zamani kwenye programu ya spidi. Unaamsha au unalaza?

#1 Msimbo_wa_Kigogo

Wakuu, habari za muda huu.

Natengeneza programu ndogo ya simu kwa madereva wa safari ndefu. Kazi yake ni moja tu: unaipa kikomo, labda 50 au 80, simu inasoma mwendo kwa GPS, ukizidisha inalia. Haina matangazo wala haihitaji bando ukiwa njiani.

Kinachoninyima raha ni mlio. Nilianza na "pi-pi-pi" ya kawaida, na kila niliyempa ajaribu anauzima kabla hajavuka Chalinze. Sasa kuna mzee jirani yangu ana Corolla ya 1983 iliyokuja na meli kutoka Japani. Ikipita mia na kidogo inagonga kengele taratibu: kin-kon, kin-kon, kin-kon, mpaka upunguze. Haipigi kelele na haiudhi. Nilipanda naye, nikamwona anainua mguu kwenye mafuta huku maongezi yanaendelea, hata uso hakuukunja.

Huo ndio ninaoutaka. Nani anajua ulitoka wapi, kwa nini magari ya baadaye hayana, na je, ukiuweka kwenye simu dereva atapunguza au atauzoea kama alivyouzoea mwingine?

#2 Kandambili

Nimekaa siti ya mbele. Waje wenye magari ya wazee.

#3 Fundi_Gerezani

Mkuu, hicho kidude nimeshakifungua. Kinakaa ndani ya dashibodi, jirani na spidomita, kiboksi cha plastiki. Ndani kuna koili, pini na chuma cha kugongwa. Mshale ukifika pale palipopangwa, swichi inafunga, koili inapata umeme, pini inavutwa na kugonga. Umeme ukikatika springi inairudisha, inagonga tena. Kin ni kwenda, kon ni kurudi. Hakuna kompyuta wala spika, ni chuma kwa chuma. Baadaye zikaja za kielektroniki, na hizo ukizisikiliza vizuri ni kavu, hazina ule mwangwi unaofifia polepole. Ukiiga, iga ya chuma.

Halafu usikubali anayekwambia kila Corolla ya zamani inayo. Sheria ilikuwa ya Japani kwa magari yanayouzwa Japani. Zilizouzwa mpya huku na mawakala hazikuwa na sababu ya kuwekewa. Ukiikuta gari inayo, ujue ilitumika kwao kwanza, ikaja kwetu kama mtumba.

#4 Mzee_wa_Jalada

Nachukulia alipoishia Fundi. Kanuni za usalama wa magari za Japani ziliidai kengele hiyo kuanzia katikati ya miaka ya 1970, zikaiondoa 1986. Gari la kawaida lililia kwenye 105 hivi, na vile vigari vidogo vya kodi nafuu, ambavyo wakati huo vilikuwa vya cc 550, vililia kwenye 85 hivi. Sababu ni kwamba kikomo cha barabara zao kuu kilikuwa 100 kwa gari la kawaida na 80 kwa vidogo. Hivyo vidogo viliruhusiwa kufika 100 mwaka 2000 tu. Kwa hiyo Corolla ya 1983 ya jirani yako imo ndani kabisa ya kipindi.

#5 Baba_Junior_GX

Mzee_wa_Jalada, hapo kwenye 1986 nina shaka. Mimi nina Toyota Mark II, ile GX100, na nikivuka 100 inalia. Haigongi kama kengele lakini inalia, na nimeinunua hivyo hivyo bandarini.

#6 Mzee_wa_Jalada

GX100 imetoka 1996, ndugu yangu. Kanuni ilishafutwa miaka kumi nyuma. Kiwandani hawakuiweka.

#7 Fundi_Gerezani

Baba Junior, inama chini ya usukani na tochi, fuata waya ambao rangi yake haifanani na wenzake. Wajapani wanapenda kufunga vidude vya kunusa rada za polisi, na vingine vinalia pia kwa mwendo uliowekwa. Mwenye gari wa kwanza aliacha chake humo. Nimevitoa vingi.

#8 Baba_Junior_GX

Nimeinama, sijaona waya wa ajabu. Nasema tena, inalia.

#9 Dada_wa_Mwenge

Au ni yule mama wa Kijapani jamani? Mimi kila nikiwasha gari ananisemesha kwanza. Mwaka mzima nilidhani ananikumbusha mkanda.

#10 Fundi_Gerezani

Huyo si wa spidi. Ni kifaa cha kulipia barabara za Japani, kinaitwa ETC. Anakwambia kadi haijachomekwa, na kwa hapa Bongo haitachomekwa milele. Kipo chini ya dashibodi au kwenye kiboksi cha kuwekea karatasi. Chomoa soketi yake, amekwisha.

#11 Kandambili

Kwangu asiguswe. Watoto wanamwitikia kila asubuhi tukienda shule.

#12 Tunduma_Usiku

Turudi kwa Msimbo. Naendesha semi, Dar hadi Tunduma. Nilisimuliwa na mzee aliyenifundisha kazi kwamba Wajapani waliuondoa mlio huo kwa sababu ulikuwa unalaza watu, na mimi namwamini. Usiku, mvua nyembamba, umeshapita Mikumi, waipa zinakwenda wakati mmoja, tairi zinavuma wakati mmoja, halafu na kengele nayo iseme kin-kon, kin-kon kwa mwendo ule ule. Kichwa kinashuka chenyewe. Ukitaka dereva aamke, mpe kitu kisichotabirika. Kitu cha kupendeza mwekee mtoto wa kubembelezwa.

#13 Mzee_wa_Jalada

Hiyo ya usingizi inasimuliwa sana, hata Japani kwenyewe. Lakini kuna maelezo mengine yenye uzito. Miaka ya 1980 Marekani na Ulaya walikuwa wakiilalamikia Japani kwamba kanuni zake za magari zinazuia bidhaa za wageni. Mtu unaleta gari lako kuuza Tokyo, inabidi ulifungie kengele ambayo nchi yako haiijui. Japani ikalegeza mengi katika kipindi hicho. Mimi naliona hili ndilo lililoiua kengele, na la usingizi likawa sababu ya kueleza kwa wananchi.

Hata zile taa tatu za kijani juu ya paji la malori ya Kijapani zilikwenda kwa upepo huo huo. Tunduma_Usiku lazima umeziona kwenye Fuso na Isuzu za mtumba. Taa moja ikiwaka, lori liko chini ya 40. Mbili, liko kati ya 40 na 60. Tatu, limepita 60. Mtu wa barabarani anajua mwendo wako kabla hujamfikia.

#14 Tunduma_Usiku

Kumbe! Nimeendesha lori lenye taa hizo na tajiri wangu alikuwa anasema ni mapambo. Zilishakatwa waya siku nyingi.

#15 Mama_Wodi

Salaam. Mimi ni muuguzi, naomba niseme la upande wangu maana ni jambo lile lile. Wodini kila mashine inalia: ya dripu, ya mapigo, ya oksijeni. Nyingi zinalia bila hatari yoyote, mgonjwa kajigeuza tu waya ukalegea. Baada ya muda sikio linaacha kupokea, na siku ya hatari ya kweli mlio ni ule ule. Kiwango cha kimataifa cha milio ya vifaa vya tiba cha 2006 kilileta vimelodi vya kutofautisha hatari moja na nyingine. Wauguzi wakavichanganya. Marekebisho ya 2020 yakaleta milio inayofanana na jambo lenyewe, kwa mfano tatizo la moyo linasikika kama mapigo ya moyo.

Msimbo kaka yangu, swali langu kwako si zuri au baya. Je, programu yako inalia mara ngapi wakati hakuna haja? Ikilia ovyo, hata ukiweka kinanda cha kanisani watauzima.

#16 Maskati_Ghuba

Asalaam aleikum. Mie niko Maskati, asili yangu Unguja. Huku mlio huo haujafa hata kidogo. Gari nyingi zinazoletwa rasmi kwa soko la Ghuba hulia ukipita 120. Kwenye njia ya Salala, ukitoka Adam kwenda Haima, jangwa kushoto jangwa kulia, ndipo utaujua. Wengine hukaa 119 roho imetulia. Wengine huacha ulie masaa wakiwa wanazungumza. Na wapo wanaompelekea fundi auondoe siku ya kwanza tu. Nduguze mamangu wana gari ya aina moja, mwaka mmoja, mlio mmoja: mmoja humtia adabu, mwengine haumshughulishi. Basi mie naona tabia ya mtu ndiyo inayosikia, si sikio lake.

#17 Tunduma_Usiku

Shehe Maskati, huyo asiyeshughulika ndiye ninayemsema mimi. Kalazwa macho yakiwa wazi.

#18 Mwiki_Stage

Niaje wasee. Kenya hii kitu ya kulia tumeishi nayo. Sheria za Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi, ziliingia 2004: mikanda, mstari wa manjano kwa matatu, na kidhibiti mwendo kisizidi 80. Kuna vidhibiti vinavyolia kwanza kabla havijakata mafuta. Nimefanya kazi ya makanga, nawaambia abiria wakisikia mlio ndio dereva anapata presha, kwa sababu mama wa nyuma anaanza kuuliza "dere, hiyo ni nini inalia?" Dereva hapunguzi kwa ajili ya mlio, anapunguza kwa ajili ya huyo mama. So sauti iwe ya kusikika na wote ndani ya gari. Usiifiche kwa earphone.

#19 Dada_wa_Mwenge

Mwiki umenena. Nilisafiri kwenda Dodoma na basi lenye kile kifaa cha kufuatilia mwendo. Kilipolia mara ya kwanza abiria wote kimya. Kilipolia tena, babu mmoja alisimama akashika bomba la juu akasema kwa upole tu, "Dereva, sisi hatuna haraka." Basi likashuka mwendo papo hapo. Ila kwenye basi jingine, nikirudi, nilimwona kondakta amekiviringishia kitambaa cha kufutia vioo. Kilikuwa kinalia kama mtu aliyezibwa mdomo.

#20 Kandambili

Msimbo, achana na Toyota. Weka sauti ya trafiki: "Habari ya safari, naomba leseni." Halafu ule mlio wa mashine inayotoa karatasi ya faini ya elfu thelathini. Nani hatapunguza?

#21 Baba_Junior_GX

Kandambili, hiyo ya mashine ya risiti mimi naichukua leo. Na GX yangu bado inalia.

#22 Studio_Sinza

Ngoja niingie, mimi ni mtu wa sauti.

Suala la kulaza au kuamsha mtabishana mpaka kesho. Nitasema la spika. Sauti ya gari la dizeli, tairi na upepo imejaa chini, kwenye besi. Spika ya simu haina besi. Kwa hiyo mlio wa chini utamezwa mara mbili. Mlio wa juu sana nao unawapoteza wazee, kwa sababu sikio la mtu mzima huanza kupotezea juu. Kengele ya chuma inakaa katikati, halafu ikigongwa inatoa sauti kadhaa kwa mpigo mmoja, moja ikimezwa nyingine inapita. Ndiyo sababu mzee wa Corolla anaisikia huku anaongea. Kwangu hapa hakuna habari ya ukale wala kumbukumbu, ni umbo la sauti.

Sasa mambo ya kurekodi. Usichukue mlio wa mtandaoni uliorekodiwa na mtu mwingine, rekodi ina mwenyewe. Nenda kwa mzee, gari lisimame, muombe Fundi akipe kiboksi umeme nje ya gari, urekodi chumba kimya. Zima ule urekebishaji wa sauti unaofanywa na simu yenyewe, maana unapandisha mwangwi juu na kengele inasikika kama ndoo. Hifadhi kwa WAV au OGG. MP3 inaongeza ukimya mdogo mwanzoni na mwishoni, ukirudia rudia mapigo yanapoteza mwendo.

Na la Bluetooth: simu ikiunganishwa na redio ya gari na hakuna muziki, njia ya sauti inalala. Mlio ukija ghafla, mwanzo wake unakatwa. Utasikia "-kon" tu. Tanguliza nusu sekunde ya ukimya kabla ya "kin". Kama muziki unapiga, iambie simu iushushe kidogo, usiukate.

#23 Msimbo_wa_Kigogo

Studio_Sinza ubarikiwe. Hiyo ya "-kon" imekuwa ikinitesa, nilidhani faili ni bovu.

Mama_Wodi, swali lako limenigusa. Kwa sasa inalia kila inapoona namba juu ya kikomo. Ukiwa unacheza kwenye 80 na 81 inalia na kunyamaza, inalia na kunyamaza.

#24 Mhandisi_Mbagala

Hapo ndipo penye ugonjwa wenyewe, wala si kwenye mlio. Weka namba mbili tofauti: ianze kulia kwenye 84, isinyamaze mpaka ishuke 79. Katikati hapo isibadilishe mawazo. GPS ya simu nyingi inatoa mwendo mara moja kwa sekunde, na ukikanyaga mafuta au breki inachelewa kidogo kukufuata. Subiri isome juu ya kikomo mara tatu mfululizo ndipo ulie.

Jambo la pili, watumiaji watakulalamikia kwamba programu inadanganya, kwa sababu mshale wa gari utasema 86 wakati simu inasema 80. Kwa viwango vya Umoja wa Mataifa vinavyofuatwa na watengenezaji wengi, spidomita hairuhusiwi kusoma chini ya mwendo halisi, ila inaruhusiwa kusoma juu mpaka asilimia 10 na kilomita 4 zaidi. Gari liko 80 kweli kweli, mshale unaweza kuonyesha hata 92 na bado uko ndani ya kiwango. Ukiwa umebadilisha saizi ya tairi, hesabu inapotea zaidi. Andika hilo kwenye ukurasa wa kwanza kabisa.

#25 Fundi_Gerezani

Kweli kabisa. Na ile Corolla yenyewe kengele inafuata mshale, haifuati mwendo halisi. Ikigonga 105, gari liko chini ya hapo.

#26 Hamburg_Baridi

Nawasalimu kutoka Ujerumani. Huku Umoja wa Ulaya umelazimisha kila gari jipya linaloandikishwa kuanzia Julai 2024 liwe na mfumo wa kusoma vibao vya spidi na kumwonya dereva. Unaruhusiwa kuuzima, lakini ukiwasha gari tena umerudi. Basi watu wamejifunza: mkanda, kioo, halafu vidole viwili vitatu kwenye skrini kuzima mlio, ndipo gari linaondoka. Kosa lake kubwa ni kusoma vibao visivyokuhusu. Uko kwenye barabara kuu, kamera inaona kibao cha 60 cha njia ya kuchepukia, inalia. Mama_Wodi amesema lote hapo juu.

India nao tangu Julai 2019 magari mapya yanalia ukipita 80 kwa vipindi, ukipita 120 hayanyamazi. Huo mpangilio wa ngazi mbili naona ungekufaa Msimbo.

#27 Tunduma_Usiku

Vibao ndiyo hoja. Huku kwetu kijiji kina kibao cha 50 cha kuingilia, cha kutokea kimeng'olewa au kimefunikwa na majani. Tochi ya trafiki ya kupima mwendo imekaa chini ya mwembe mita chache kabla hujatoka. Simu itajuaje kijiji kimeisha? Hizo ramani za bure njia nyingi hazina kikomo kilichoandikwa.

#28 Msimbo_wa_Kigogo

Ndiyo maana nimeiacha mikononi mwa dereva mwenyewe: kitufe kimoja kikubwa, ukigusa ni 50, ukigusa tena ni 80. Sitaki kudai najua kibao nisichokiona.

Kuhusu kulala, Tunduma_Usiku, nimekuelewa. Nafikiria hivi: ukivuka kikomo, kin-kon moja tu. Ukibaki juu, kimya, kisha kin-kon nyingine baada ya muda ambao haulingani kila mara. Ukipanda zaidi ya kumi juu ya kikomo, inagonga mfululizo. Hapo bado inalaza?

#29 Tunduma_Usiku

Hiyo ya muda usiolingana nimeipenda. Lakini ya mfululizo bado sijakubali. Nipe nipande nayo mlima Kitonga ndipo nitasema.

#30 Maskati_Ghuba

Na mie nipe, ila unitilie 120.

#31 Mzee_wa_Jalada

Mimi nashikilia kwamba kengele haikuwahi kushindwa kazi yake. Iliondolewa kwa biashara. Miaka kumi na zaidi Wajapani waliendesha nayo, na mzee wa jirani yake Msimbo anaendesha nayo mpaka leo.

#32 Mwiki_Stage

Mzee, huyo jirani anaendesha polepole juu ni mzee. Hata bila kengele angepunguza.

#33 Dada_wa_Mwenge

Sawa, ila Msimbo kasema alipunguza kengele ilipogonga. Si angekuwa hajafika 105 kama ni mtu wa polepole?

#34 Fundi_Gerezani

Msimbo, Jumapili baada ya ibada nipo. Mlete mzee na Corolla, nitakitoa kiboksi bila kuvunja kishikio, Studio_Sinza arekodi, nitakirudisha siku hiyo hiyo. Mwambie mzee sitagusa kitu kingine. Baba Junior nawe njoo na GX, tuitafute hiyo sauti.

#35 Studio_Sinza

Nipo. Nitakuja na maiki mbili. Mtu alete betri ya gari iliyojaa, isiyo ya kubahatisha, maana volti zikishuka pini inagonga dhaifu.

#36 Baba_Junior_GX

Nakuja, na betri nakuja nayo mimi.

#37 Mkulima_Ifakara

Nimechelewa uzi. Swali moja: itakubali kwenye simu ya Android 8? Na pikipiki je, mtu amevaa helmeti atausikia?